Udi wa Khairiya

Picha ya paa akinywa maji mtoni ilitoka vizuri, ila nyuma yake alisimama mwanamke.

Khairiya aliichukua mkononi mwa mumewe, akaitazama hata uji ukaungua. Mwaka ule wa 1959 Hamad alikuwa ameajiriwa na bwana misitu kuwachunguza wanyama wa bonde la mto, chini ya kijiji cha Shumba, Pemba. Alifunga kamera kwenye mti na uzi kwenye njia yao. Mnyama akiugusa usiku, taa inamulika, picha inapigwa. Yeye alikwenda asubuhi tu kubadilisha filamu, na picha zikasafishwa mjini Chake.

"Huyu n'nani?"

"Sijui, wallahi. Usiku mle hamna mtu, Khairiya."

"Kwa hiyo kasimama kumsubiri paa?"

Mwanamke alikuwa amegeuza mgongo, kanga imemkaa kiunoni, na hilo ndilo lililomchoma Khairiya zaidi. Wivu wake ulijulikana mji mzima. Mumewe akisalimiwa na ajuza, yeye hununa mpaka magharibi. Alfajiri akalifukiza udi shati la Hamad la kwendea msituni, akalipaka na mafuta ya asmini, ili hawara huko aliko ajue mume huyu ana mwenyewe. Shumba nzima wanajua kuwa msituni mle huingii umejifukiza, maana majini wenye msitu hufuata harufu. Khairiya naye alijua. Lakini siku ile hakuwa na kichwa cha kuwaza majini, alimuwaza mwanamke.

Picha iliyofuata haikuwa na paa. Mwanamke alikuwa amegeuka, yu karibu kabisa na kamera, mzuri wa kutisha, pua ameiinua ananusa.

Tangu hapo nyumba ilinuka udi na chetezo hakijawashwa, Hamad akaacha kula, akaacha kusema, akawa analala ameelekea ukutani huku godoro la upande ule likibonyea lenyewe taratibu, na Khairiya aliogopa, ndiyo, ila kuliko kuogopa aliumia, kwa kuwa mkono wa mumewe ulikuwa umekumbatia pale pasipo mtu.

Bi Siti, mganga wa Tumbe, aliletwa, akazungumza na jini kwa kinywa cha Hamad. Kisha akamgeukia Khairiya, akanong'ona.

"Hatoki, mwanangu. Nikimlazimisha ataondoka na roho ya mumeo. Anasema wewe ndiye uliyemwita, kwa harufu. Anataka zamu, siku kwa siku, kama mke yeyote."

Khairiya alilia mpaka kanga ikarowa. "Atakuwa hai?"

"Atakuwa hai, na atakula."

"Basi mpe."

Jioni ya zamu ya kwanza alitandika kitanda kwa mikono yake, akatoka, akajilaza mkekani jikoni. Alijiapiza hatasikiliza. Akasikiliza. Baada ya isha Hamad alianza kusema, maneno mengi, laini, halafu akacheka, kicheko kirefu cha kijana ambacho katika miaka yote ya ndoa yao Khairiya hakuwahi kukipata, na akajikuta yuko mlangoni anagonga, hajui ameinuka saa ngapi.

Kicheko kikakatika.

"Mke mwenzangu," ikajibu sauti ya kike, kwa upole, "kalale. Zamu yako kesho."