Dirisha la Nne

Dirisha la nne lilipaswa kuwa jeusi. Ndivyo gemu lile lilivyokuwa tangu enzi zake: mkicheza wawili, kioo cha runinga kinakatwa katikati, mkizidi hapo kinakatwa vipande vinne kama dirisha la vioo, kila mtu na chake, na msipotimia wanne, kipande kinachobaki kinakaa giza tupu. Jumapili ile mchana walikuwa watatu: mshonaji, mumewe fundi bomba, na rafiki yao wa tangu utotoni, mwalimu wa hesabu. Pedi za kuchezea zilizochomekwa zilikuwa tatu. Na kipande cha nne, pale chini kulia, kilikuwa kinawaka.

"Nani kachomeka pedi nyingine?" mshonaji aliuliza.

"Nyingine ipi? Ile ya nne si ilikufa zamani?" mumewe akacheka. "Mashine imezeeka, mke wangu. Inaota."

Lilikuwa gemu la vita, la askari wanaosakana ndani ya ngome ya chuma. Mchezaji hauoni mwili wake. Anaona mikono na bunduki tu, dunia nzima anaitazama kwa macho ya askari wake. Lilipotoka mara ya kwanza wao walikuwa bado wanavaa sare za shule, na nyumba hii ya baba yake mshonaji ilikuwa inajaa watoto mpaka vizingitini. Baada ya lile yakaja mengine, moja likimzaa mwenzake, hadi sasa wanafunzi wa mwalimu wanacheza toleo jipya kabisa, kila mmoja kajifungia chumbani kwake, kavaa visikilizio, anapigana na watu asiowajua hata sura. Ndiyo maana mwalimu akasema la zamani litolewe kabatini.

"Wanaringa nalo, hawajui limezaliwa wapi," alisema. "Sisi tulikuwa tunabanana kwenye kochi moja. Ukimpiga mtu risasi, anakupiga kiwiko."

Jambo moja tu hakuna aliyelitamka, ingawa wote walilikumbuka: enzi hizo walikuwa wanne. Wa nne alikuwa kaka yake mshonaji. Walimwita Kona, maana kazi yake ilikuwa kukuvizia kwenye kona za ngome mpaka ukate tamaa ya kuishi. Figo zilimwondoa mwaka uliopita, na tangu azikwe mashine haikuguswa.

Askari wa dirisha la nne alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha silaha. Akachuchumaa. Akasimama. Akachuchumaa tena, akasimama.

Mwalimu aliiweka pedi mapajani taratibu, kama mtu anayetua yai.

"Salamu yake," alinong'ona. "Shemeji, ile ni salamu yake."

Kona alikuwa haanzi mchezo bila kuchuchumaa hivyo, heshima kwa maadui, alivyokuwa akisema, kabla hajawamaliza. Mshonaji alihisi machozi yanamtoka bila kuomba ruhusa. Akili ilimwambia ni hitilafu ya nyaya. Mdomo haukuingoja akili.

"Kaka?" alisema. "Karibu, kaka. Karibu ukae."

Mumewe, bila kuambiwa na mtu, akasogea kwenye kochi akaacha nafasi.

Walicheza mpaka jua likahama ukutani. Yule wa nne aliwavizia kwenye kona zile zile, akampiga fundi bomba mgongoni kama zamani, na wao wakacheka huku wanalia, wakalia huku wanacheka, hata harufu ya nywele zilizoungua iliyoanza kutambaa sebuleni haikuwazuia. Fundi bomba aliinama akagusa plagi. Ilikuwa baridi.

Chumba cha ndani alilala Mzee, baba yao mshonaji na Kona, ambaye miguu ilikuwa imekwisha mgomea. Aliwasikia wakilitaja jina. Kesho yake akaomba ahamishiwe sebuleni, kiti chake kiwekwe mbele ya runinga. Alipoliona dirisha la nne likichuchumaa na kusimama, aliinua kiganja kama anayepokea salamu ya mtu mzima mwenzake.

Tangu hapo Mzee akawa mtu mwingine. Aliomba wembe, akanyoa ndevu. Aliomba chakula kabla ya kuletewa. Nyumba nzima ikaingia joto la ajabu, joto la watu wasiotulia. Mwalimu alipitia pale kila alipotoka shuleni, madaftari ya wanafunzi yakilala begini bila kusahihishwa. Fundi bomba aliacha bomba la mteja linamwaga maji barabarani, akarudi nyumbani mbio. Mshonaji naye alikuwa na gauni la bi harusi lililokatwa na kuachwa vipande. Kila alipokaa kwenye cherehani, mguu ulikuwa kwenye pedali na sikio sebuleni.

Lakini alikuwa na macho, na macho yalimwonyesha kwamba Mzee anakula na hanenepi. Mashavu yalikuwa yanaingia ndani. Mifupa ya shingo ilikuwa inatokeza. Kila alipoamka usingizini alihema kama mtu aliyepanda mlima.

Siku moja mchana, wanaume wakiwa kazini, mshonaji alikuwa anatia pindo aliposikia hatua. Zilikuwa hatua za viatu vya chuma, zile za kwenye gemu, kang, kang, kang, ila hazikutoka kwenye runinga. Zilitoka korido, na korido yao ni ya saruji.

Alinyanyuka. Korido haikuwa na mtu. Akaingia sebuleni, akamkuta Mzee amesinzia kitini, runinga imewashwa, pedi zote ziko sakafuni. Madirisha matatu yalikuwa meusi. La nne lilikuwa linatembea.

Halikuwa ndani ya ngome. Mshonaji alitazama kwanza bila kuelewa, kisha akaona ukuta wa kijani uliobanduka rangi, akaona koti la mvua la baba yake kwenye msumari, akajua kwamba ile ni korido aliyoipita sasa hivi, na kwamba kuna kitu kinaitembea kwa utulivu, kirefu kuliko mtu, maana koti lilikuwa likionekana kutoka juu, na kitu hicho kilichungulia chumbani kwake, kikakitazama kitanda, kikatoka, kikapita kwenye cherehani, kikaigeukia sebule, kikasimama mlangoni, na katika dirisha lile dogo mshonaji akamwona mzee amelala kitini na mwanamke aliyekipa kitu hicho mgongo, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, na alipopeleka mkono kwenye kisogo chake, mwanamke wa kwenye runinga naye akapeleka mkono kwenye kisogo.

Aligeuka. Mlango ulikuwa mtupu. Harufu ya nywele zilizoungua ilimjaa puani.

Alipoirudia runinga, kile kitu kilikuwa kimeshampita. Kilikuwa kimemwinamia Mzee, karibu kabisa, mdomo wa Mzee umejaza dirisha lote, na Mzee usingizini alitabasamu, akatoa pumzi ndefu, halafu akahangaika kuipata nyingine kama mtu anayevuta kamba nzito kutoka kisimani.

Mshonaji aliung'oa waya wa runinga ukutani.

Mzee alifumbua macho. "Mbona umemkatiza mwenzio?" alilalamika. "Alikuwa ananisimulia."

Fundi bomba aliporudi, mkewe alimvuta jikoni, akafungua bomba la maji ili wasisikike.

"Yule si Kona," alisema.

"Usiseme hivyo. Anacheza kama yeye. Anasalimia kama yeye."

"Kona hakuwahi kusimama nyuma yangu akanyamaza. Hata siku moja! Angenifinya, angenitisha, angenitania. Yule alisimama tu." Akafungua bomba zaidi. "Na anamnywa baba. Nimemwona, anamnywa kama maji."

Mumewe alitazama maji yanavyokwenda kwenye tundu la sinki. "Basi nikalivunje lile dude," alisema mwishowe.

"Nani kakwambia yuko ndani ya dude?"

Mganga waliyemleta alikuwa mama mnene mwenye sauti ya mkwaruzo. Alivua viatu mlangoni, akanusa hewa, akavivaa tena. Hakuuliza habari za mashine. Alizunguka vyumba vyote, akarudi akamkuta Mzee kitini, fundi bomba na mwalimu wamesimama ukutani kama wanafunzi walioitwa ofisini.

"Huyu si marehemu wenu," alisema. "Marehemu wenu amelala, mwacheni. Huyu ni jini, mpita njia. Amekuta nafasi tupu, na watu wanaitazama nafasi hiyo kwa njaa, akavaa alichokikuta. Nani alimkaribisha?"

"Mimi," mshonaji alijibu.

"Hukukosea kumpenda kaka yako, mwanangu. Ila sasa huwezi kumtoa wewe. Amekwisha kuhamia kwa mzee. Mzee ndiye atakayemkana."

"Na tukiivunja mashine?" mwalimu aliuliza.

"Vunjeni. Atabaki humu humu, isipokuwa hamtajua amesimama wapi."

Mzee alikuwa amewasikiliza. Sasa alisema, na sauti yake haikuwa ya mgonjwa. "Nimemzika mtoto wangu mara moja. Mnataka nimzike tena, kwa mdomo wangu mwenyewe?"

Mganga alikaa sakafuni miguuni pake, akajifunika mabega vizuri. "Iwasheni," alisema. "Aone mwenyewe."

Dirisha la nne liliwaka. Walijiona wote kutoka juu, kwenye pembe ya dari: kichwa cha mwalimu kilichoanza upara, fundi bomba akiuma kucha, mshonaji, mganga, na katikati yao kizee kilichokauka kama gunia tupu. Mzee alikitazama kizee hicho kwa muda mrefu kabla ya kutambua ni yeye.

"Mwanangu," aliita. "Njoo uninyanyue."

Picha ilishuka kutoka darini. Hapakuwa na hatua safari hii, ni harufu tu iliyokuja mbele yake, na mshonaji akaziba pua kwa upindo wa nguo. Mzee aliinua mkono wa kushoto, ukakaa hewani ukingoja. "Kona alikuwa anaingiza bega lake hapa chini ya kwapa," alisema polepole, kama anayemweleza mganga. "Sikuwa namwambia. Alikuwa anajua kwamba kiganja kinaniuma nikivutwa."

Picha ilisogea, ikaupita ule mkono bila kuutazama. Ikasogea tena. Mdomo wa Mzee ukajaza dirisha, midomo iliyopasuka, ulimi mkavu, na hapo ikatulia.

"Hanioni," Mzee alisema. "Anaitazama pumzi yangu."

"Sema, baba," mganga akanong'ona.

"Wewe si mwanangu. Mwanangu amekufa. Toka nyumbani kwangu."

Runinga ilikoroma, kisha ikatoka sauti ambayo wote waliijua, sauti ya Kona akiwa amechoka hospitalini. "Baba."

Mwalimu alijishika kichwa. Mshonaji aliuma upindo wa nguo.

"Baba, huku kuna baridi."

"Usimjibu," mganga alisema. "Chonde, usimjibu."

Mzee alifumba macho. "Mwanangu amekufa," alisema, na kila aliporudia yale maneno yalimkata kana kwamba ndiyo kwanza anapewa habari, "mwanangu amekufa, mwanangu amekufa, toka," na dirisha la nne likageuka kwa kasi, likatoka mbio, korido, chumba, jikoni sufuria zikaanguka kwa kishindo, na kutoka chumba cha pili wakasikia cherehani ikishona peke yake, ikishona kwa ghadhabu pasipo kitambaa, sindano ikigonga chuma, tak tak tak tak, mpaka ikakatika, na mlango wa mbele ukapigwa ukutani ukafunguka wote, na kwenye runinga wakaona ngazi, geti, barabara yenye jua kali, halafu giza.

Mzee alilia. Siku ya mazishi hakulia, alikuwa akipokea wageni na kuwauliza kama wamepata viti. Sasa alilia mpaka fundi bomba akapiga magoti akaingiza bega chini ya kwapa lake, na mwalimu akashika upande wa pili, wakampeleka kitandani.

Mganga alifungua madirisha ya nyumba nzima. Mshonaji alimsindikiza hadi getini, akamwuliza kama yamekwisha.

"Kwenu yamekwisha. Mimi nafukuza, siui. Hawa maneno hayawaui." Aliitazama barabara, juu na chini. "Atakwenda panapomngoja."

Mzee alianza kurudisha mwili kidogo kidogo. Alikuwa mnyonge, mkali kwa kila mtu, na alikataa kukaa sebuleni, lakini akilala analala kweli, na pumzi yake mshonaji aliisikia kutoka kwenye cherehani, inaingia, inatoka.

Asubuhi moja alikuwa anamalizia gauni la bi harusi alipoingia jirani yao wa nyumba ya tatu, mjane, aliyekuwa amekaa miezi mingi bila hata kuchana nywele. Leo alikuwa amezisuka. Alikuwa amepaka wanja. Alitaka apunguziwe blauzi yake nzuri.

"Umependeza, dada," mshonaji alisema. "Kuna sherehe?"

Jirani aliangalia nyuma, akasogeza kigoda karibu, akacheka kama msichana. "Usinicheke, jirani. Hili nakwambia wewe tu. Jana mchana nimekaa peke yangu, nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Kikohozi cha mume wangu. Kile kile, sijui nikuelezeje."

Mguu wa mshonaji uliiacha pedali.

"Ukafanyaje?"

"Ningefanyaje mie? Nimemfungulia." Akainuka, akajinyoosha nguo. "Nisikae sana. Nimemwacha anawachungulia watoto, wamelala."

Gauni lilianguka chini. Mshonaji alikuwa amekwisha mshika mkono, akamvuta nje bila viatu, wakaanza kukimbia.