Hodi Niliyoinyamazia

Nilikuwa na wivu. Nasema mapema, msije mkaniona mtakatifu. Halvard alikuwa wangu miaka minne, kisha akaenda Oslo kusoma, akarudi na Vibeke. Harusi ilikuwa mwisho wa Septemba, na eti mimi ndiye nimtembeze bibi harusi bonde letu kwa baiskeli, tuzoeane.

Tuliendesha mchana kutwa kando ya mto, tukapanda hadi malisho ya juu. Alikuwa mzuri hata akitoka jasho. Hilo liliniuma kuliko yote.

Jua likizama, mvua ikatukuta karibu na banda letu la malishoni. Ng'ombe walishateremshwa wiki mbili nyuma. Kwetu, ng'ombe wakishashuka, banda si lako tena. Wanahamia wale wa chini ya ardhi, viumbe wenye sura ya watu, mpaka theluji iyeyuke. Ukitaka kuingia unabisha mara tatu, unasema wewe ni mpita njia, unasubiri. Hata mtoto mdogo anajua.

Vibeke hakujua.

"Shoga, mbona umeganda? Ufunguo uko wapi?"

"Hapafungwi. Sukuma tu," nikamwambia. "Mi naegesha baiskeli."

Nilitaka ashtuke tu, akimbilie kwao Oslo, aniachie mtu wangu.

Akasukuma mlango, akaingia.

Nikaegemeza baiskeli ukutani.

Kisha harufu ya maziwa yanayochemka. Humo ndani hamkuwa na moto wala ng'ombe. Nikasikia njuga ya ng'ombe, mara moja, taratibu... na mtu akicheka chini kwa chini.

"Vibeke?"

Nikaita tena, kwa sauti zaidi.

Mtu akichukuliwa, unarusha chuma juu ya paa, nao humwachia. Nilikuwa na kisu. Nilikishika. Nikamkumbuka Halvard asubuhi ile, alivyomfunga Vibeke skafu shingoni huku mimi nikitazama kama mlinzi wa geti.

Nikakirudisha kisu mfukoni.

Mlango ukafunguka. Akatoka akitabasamu. Nywele zake, zilizoingia zimelowa, zilikuwa kavu.

"Twende, Ragnfrid. Tangulia wewe."

Niliteremka mbele yake njia nzima. Nikipunguza mwendo, naye anapunguza. Sikusikia mnyororo wa baiskeli yake hata mara moja.

Nyumbani hakuna aliyeshtuka. Mama yake Halvard alifurahi kwamba mkwewe sasa anajua kukamua ng'ombe. "Umemfundisha wewe, mwanangu?" akaniuliza. Nikasema ndiyo.

Siku ya harusi aliwatoa wote chumbani, akanibakiza mimi nimfunge gauni. Nikapitisha mkono katikati ya mabega yake.

Haukugusa kitu.

Uliingia ndani... mpaka kifundoni. Kulikuwa na baridi humo, na harufu ya gome bichi.

"Polepole, dada," akaninong'oneza. "Yule uliyenipa anakusalimu."

Mlango ulikuwa hatua tatu. Ningepiga ukelele mmoja, Halvard angeokoka. Lakini angeuliza Vibeke yuko wapi, na nani alimwambia asukume mlango. Asingenitazama tena maishani mwake. Hata siku ile, jamani, nilikuwa bado nataka anitazame.

Nikafunga vifungo vyote kumi na viwili. Nikamshika mkono, nikampeleka kwa Halvard.