Bi Mkubwa Hapunguzwi Nguvu

Asubuhi ile ghala la mizigo la uwanja wa ndege lilikuwa limefurika. Matoroli yanagongana, wapagazi wanapiga kelele wapishwe njia, karani anaita namba za mizigo na hakuna anayemsikia. Katikati ya zogo hilo kreti moja kubwa lilikuwa linafunguliwa, ndani yake pikipiki nyekundu, na msichana mmoja aliyekuja kuchukua kifurushi chake akasahau kabisa kilichomleta.

Alivaa jaketi la ngozi nyeusi lililochakaa viwikoni, suruali ya jinzi, na kilemba cha rangi ya machungwa kilichofungwa kwa madaha, utadhani anatoka hapo kwenda harusini. Kazi yake ilikuwa kupeleka damu toka hospitali moja hadi nyingine kwa pikipiki, na siku za mapumziko alishindana kwenye uwanja wa mbio. Watu walimwita Mwewe kwa jinsi alivyokata kona, naye jina akalipokea.

"Dada, sogea nyuma, mbao hizi zina misumari," alisema kijana aliyeshika mtaimbo.

Mwewe hakusogea. "Hiyo injini ni ya silinda nne, mbili zimelala mbele na mbili zimesimama nyuma. Na krenki yake, ule mhimili unaosukumwa na pistoni, inazunguka kinyume na magurudumu. Nimekosea?"

Kijana akashusha mtaimbo. Alikuwa fundi, tena fundi nadhifu, ovaroli yake ya bluu imenyooshwa pasi hadi mikono. "Hujakosea. Nani kakwambia?"

"Kwani ilikuwa siri yenu nyinyi wawili?"

Wapagazi wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, akaona haya, akajifanya anatafuta kitambaa cha kufutia mikono.

"Huyu tunamwita Bi Mkubwa," akasema. "Ametoka Italia. Ana nguvu za farasi zaidi ya mia mbili, na uzito wake ni wa watu watatu tu, tena wembamba."

"Na wewe ni nani wake?"

"Mtumishi wake."

"Basi mkeo ana kazi."

"Mke sina."

"Wala sishangai," akasema Mwewe, akachukua kifurushi chake akaondoka. Lakini namba yake ya simu alikuwa ameshamwachia fundi.

Bi Mkubwa aliagizwa na shangazi yake Fundi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, mwenye duka la pikipiki lenye vioo vikubwa barabarani. Alitaka mashine yake ifungue mbio za mwaka ule mbele ya mji mzima, na alikuwa anatafuta wa kuiendesha. Fundi ndiye aliyeifungua, akaipima, akaifunga tena. Mwewe alianza kupita pale karakana baada ya kazi, kwanza mara moja moja, halafu kila siku.

"Niambie tena habari za valvu," angesema, ameketi juu ya tairi.

"Mpenzi, jana nilikwambia."

"Jana nilikuwa nakuangalia wewe. Leo nasikiliza."

Basi Fundi angeanza upya, mikono yake ikieleza pamoja na mdomo. Injini nyingi valvu, vile vilango vya kuingiza na kutoa hewa, hufunguliwa kwa nguvu, halafu springi ndiyo inayoirudisha. Injini ikizunguka kwa kasi mno, springi inachoka, inachelewa. Bi Mkubwa hataki mambo ya kuchelewa. Mkono wa chuma unafungua valvu, mkono mwingine wa chuma unaifunga. Ndiyo maana hata ukivuta mafuta mpaka mwisho, anapumua sawasawa kama mtu aliyeketi.

"Na krenki?"

"Krenki inarudi kinyume ili kupunguza ule ubishi wa magurudumu. Pikipiki inalala kwenye kona kwa wepesi, na tairi la mbele haliruki ovyo. Haliruki ovyo, lakini kwa nguvu zake, gia ya nne utalisikia linataka kuondoka."

"Linataka kuondoka," Mwewe alirudia polepole, kama mtu anayeonja.

Usiku ni simu. "Umelala, malkia?" "Ningelala ungenisikia?" "Umekula?" "Nimekula, Fundi, mbona unanilea kama kifaranga?" "Nakupenda, ndiyo maana." Hapo Mwewe husema, "Haya, mtumishi wa Bi Mkubwa, lala."

Shangazi akatangaza jaribio. Wangejaribiwa wawili: Mwewe, na mwanamume mmoja mrefu aliyezoea kushinda, jina lake la uwanjani Radi. Kila mmoja angezunguka uwanja na Bi Mkubwa, na mwenye muda mzuri ndiye angefungua mbio. Kwa Mwewe hii haikuwa sifa tu. Miaka yote ameshindana kwa pikipiki za kuazima, kuukuu, zinazokohoa, na kila akishindwa wanasema ni mwanamke, kila akishinda wanasema ni bahati. Alitaka mara moja tu apande mashine isiyo na udhuru.

Asubuhi ya jaribio alishuka amevaa suti ya ngozi nyeupe yenye mistari ya dhahabu. Fundi akainua macho. Akamwona mzima, halafu akamwona kwenye lami amelala. Picha hiyo ya pili ikamshika isimwachie. Akachomeka kompyuta yake kwenye Bi Mkubwa, kama afanyavyo kila mara, na vidole vyake vikapunguza nguvu ya gia za juu. Hakuna aliyeona. Mwewe aliporudi kutoka kwenye mzunguko, kabla Radi hajapanda, akairudisha.

Muda ukasomwa. Radi alimshinda Mwewe mbali sana.

"Usijali, dada," Radi alisema, jasho likimtiririka, naye hakuwa mtu mbaya. "Mnyama huyu anatisha. Gia ya nne tairi la mbele linakuaga, unabaki kuliomba lirudi chini!"

Mwewe alikuwa anavua glavu. Akaacha. "Linakuaga?"

"Wewe hukuliona?"

Alitembea taratibu hadi alipokuwa Fundi, akasimama mbele yake. Yeye alikuwa amevuta mafuta mpaka mkono ukagoma, na tairi lile lilitulia kama limegandishwa.

"Umemfanya nini Bi Mkubwa?"

Fundi akafungua mdomo, uongo haukutoka. "Nilimbana. Kidogo."

"Kwangu tu?"

"Mpenzi, niliogopa. Ningekuona unaanguka ..."

"Ningeanguka ningeanguka mimi, Mwewe, nikiwa naendesha! Sasa nimeanguka nikiwa nimekaa." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomuumiza Fundi zaidi. "Watu wote waliosema siwezi, wewe ndiye umewapa ushahidi."

Akaondoka na suti yake nyeupe. Simu akapigiwa, hakupokea. Akapigiwa tena, akaizima.

Shangazi alimkuta Fundi karakana, ameinamia injini isiyo na tatizo. Alipomtoa maneno yote, akaketi juu ya kiti, kiti kikalia kwa uzito wake.

"Yaani umempunguzia pikipiki nguvu kwa sababu unampenda?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi jaribu kumpenda kidogo, huenda akafika mwisho wa barabara." Akamtazama kwa ukali. "Mimi nimeuza pikipiki tangu marehemu mume wangu yu hai, na sijawahi kusikia fundi wa kwetu ametoa mashine ya uongo. Sasa utafanya nini?"

Alichofanya kilimgharimu. Jina lake mjini lilikuwa hili: mashine iliyotoka mikononi mwa Fundi haidanganyi. Kesho yake mafundi na waendeshaji walipokusanyika uwanjani kutangaziwa Radi, yeye akaomba kusema kwanza. "Muda wa Mwewe ule si wake. Ni wangu. Nilimpunguzia nguvu na Radi nikampa zote. Naomba ajaribiwe upya, na kama mtasema nisiguse tena pikipiki ya uwanja huu, nitakubali." Wengine wakamzomea. Radi akatikisa kichwa, akasema, "Nami sitaki ushindi wa kupewa. Mwiteni."

Fundi hakupiga simu tena, alijua haitapokelewa. Shangazi ndiye aliyepiga.

Mwewe alikuja na suti yake nyeupe na kilemba chake cha machungwa, kofia ngumu kwapani. Hakumsalimu mtu. "Nani ameshika kompyuta?"

"Mimi," alisema Fundi.

"Nionyeshe ulipobana."

Akamwonyesha. Mwewe akasogeza kidole chake mwenyewe, akapandisha nguvu zote mpaka mwisho, akachomoa waya. "Sasa usiende kujificha karakana. Kaa pale ukutani uangalie."

Akapanda. Bi Mkubwa akaamka kwa ngurumo nzito iliyogonga vifua vya watu. Kona ya kwanza Mwewe alilala hata goti likakwaruza lami, akainuka, akaingia barabara ndefu. Gia ya pili, ya tatu, na kwenye ya nne, mbele ya macho ya wote, tairi la mbele likanyanyuka shibiri moja juu ya lami. Mtu akapiga ukunga. Mwewe hakuachia mafuta. Alijisogeza mbele, kifua juu ya tangi, akalishusha tairi kama mama anayemkalisha mtoto mtundu, na akapita akiwa mstari mwekundu na mweupe tu, sauti ikifuata nyuma.

Muda uliposomwa, ulikuwa mzuri kuliko wa Radi, naye Radi ndiye wa kwanza kupiga makofi. Shangazi alikuwa analia waziwazi na kuwaambia watu wasiomjua, "Huyo ni wangu! Pikipiki yangu, na msichana ni wangu!"

Mwewe akavua kofia, uso umelowa, macho yanawaka. Akamfuata Fundi ukutani.

"Uliogopa?"

"Tangu kona ya kwanza hadi ya mwisho."

"Ukafumba macho?"

"Sikufumba."

Akamwangalia kwa muda, akiupima ukweli wake kama yeye Fundi apimavyo valvu. Halafu akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Jumapili njoo nyumbani. Mama anataka kumwona mtu anayenipigia simu kuniuliza kama nimekula."

"Nije kama nani? Kama fundi?"

"Kwetu hakuna kilichoharibika," alisema Mwewe. "Njoo kama mwanamume anayetaka kunioa. Na uvae vizuri, maana mimi nitapendeza."