Aliyeposwa Stoo

Fundi wa makochi aliufungua ujumbe wa sauti saa saba mchana, mkasi ukiwa bado mkononi. Ulitoka kwa mchumba wake, mtunza stoo wa karakana hiyohiyo, ambaye wenzao walimwita Sukari kwa sababu ya ulimi wake. Alikuwa orofa ya juu tu, lakini hayo ndiyo yalikuwa mazoea yake: kila mapumziko hujifungia stoo ya sponji, kusikofika kelele za mashine, akarekodi.

"Nakupenda, mama. Wewe ndiye wangu wa pekee. Nitakuoa, naapa."

Yaleyale ya miaka mitano. Ila leo, baada ya kiapo, sauti ya mwanamke ilijibu taratibu: "Nimekubali."

Fundi alipanda ngazi mbilimbili.

"Yuko wapi?"

"Nani tena, mpenzi?"

"Huyo mwanamke wako!"

"Nife papa hapa kama kuna mtu humu."

Kweli, hakukuwa na mtu. Stoo haikuwa na dirisha wala mlango wa pili, ni sponji tu zilizopangwa hadi darini. Lakini harufu ya nywele zilizoungua ilimkaba Fundi koo, na kwenye sponji aliyokalia Sukari, ubavuni pake, palikuwa na bonde, kama mtu ameketi hapo. Bonde lile likainuka polepole, kama anayenyanyuka kwa adabu kumpisha mgeni.

Fundi alishuka ngazi. Hasira ilikuwa palepale, ila sasa ilikuwa na baridi ndani yake.

Tangu siku hiyo Sukari hakuwa Sukari. Kila alipofungua kinywa kumbembeleza Fundi ulimi ulimvimba, akabaki anahema kama mbwa. Chakula alikisukuma kando. Na siku ya mapumziko, karakana ikiwa tupu, Fundi na wenzake waliokuja kumtafuta walimkuta amejifungia stoo, amevaa shati la kutokea, nywele amezichana vizuri, uso ameugeuzia ukutani, akinong'ona na kunyamaza, akinong'ona na kunyamaza, na kila aliponyamaza ukuta ulicheka kicheko chembamba cha mwali anayesifiwa, na harufu ile ikateremka ngazi hadi kwenye cherehani, ikaganda kwenye vitambaa, kwenye nyuzi, kwenye vidole vya Fundi mwenyewe.

Dada yake Sukari alileta mganga, mtu wa makamo aliyebeba begi kama fundi bomba. Wao wawili, Sukari na Fundi wakajifungia stoo mchana kweupe.

"Wewe uliye ndani yake," mganga alisema, "umeletwa na nani?"

Midomo ya Sukari ilicheza, lakini sauti haikuwa yake.

"Sikuletwa. Nilikuwa hapa kabla zege halijamwagwa. Yeye ndiye aliyenifuata. Aliingia, akafunga mlango, akaniambia ananipenda, atanioa hapa hapa. Mara nne kila siku. Na chumbani hapakuwa na mwingine ila mimi."

"Maneno matamu humtoa nyoka pangoni," mganga alinong'ona.

Fundi alikuwa amesimama kama mti. "Mara nne? Mimi alinitumia moja tu kwa siku."

Dada yake Sukari alitazama sakafu.

"Wifi, ulijua?"

"Nilidhani ataacha, wifi yangu. Wanaume wakikua..."

"Ana miaka thelathini na minane! Akue lini, kaburini? Umekula kwangu, umelala kwangu, unaniita wifi, na wengine watatu nao unawaita hivyohivyo?"

Dada aliinamisha kichwa zaidi.

"Binti yangu," mganga aliingilia, jasho likimtiririka, "hasira iweke. Huyu atatoka, ila kwa sharti moja. Mwenye haki amshike mkono aseme: huyu ni wangu. Sema sasa hivi."

Macho ya Sukari yakarudi kuwa yake, yamejaa machozi. "Sema, mama. Niokoe. Kesho nakuja kwenu. Wewe ndiye wangu wa pekee."

Hata pale. Hata katika shimo lile, hakuwa na neno jipya la kumpa.

Fundi aliutazama mkono ulionyooshwa kwake.

"Mimi sina mume humu," alisema. "Mke mwenza, mchukue. Wewe angalau ulimjibu."

Akafungua mlango, akatoka. Nyuma yake Sukari alipiga yowe, na yowe likageuka vigelegele kabla halijaisha.

Mganga alifunga begi lake, akasema kazi hiyo haina dawa. Sukari alihamishiwa chumba cha uani kwa dada yake. Dada huacha sahani mbili mlangoni, na huzikuta tupu, zote mbili.

Fundi aliendelea na kazi yake, na usingizi wake ukawa mzuri. Mwaka ulipokaribia kuisha, dada yake Sukari alikuja karakana, amekonda, kitambaa amekishika puani.

"Wifi," alinong'ona, "nimeagizwa godoro dogo. La mtoto mchanga."

"Nani kakuagiza?"

"Si kaka. Sauti ya yule. Na nyuma yake kuna kitu kinalia... hakilii kama watoto wetu."

Cherehani zote zilisimama. Fundi aliinua kichwa, akamtazama mpaka yule mwanamke akarudi nyuma hatua moja.

"Mwambie baba mtu aje kupima mwenyewe," alisema. "Na mimi usiniite wifi tena."