Kichaka Nyuma ya Chumba cha Bibi

Kila asubuhi mshonaji alianza kazi kwa kufuta mchanga. Ulikuwa juu ya cherehani, kwenye mikunjo ya vitambaa, hata ndani ya kikombe cha chai. Nyumba yao ilijengwa kwenye mchanga mtupu, na upepo wa pale haukujua kupiga hodi.

Mumewe alikuwa mwashi. Yeye alihangaikia nyuma ya nyumba, kwenye chumba cha mama yake. Upepo na mvua vilikuwa vimekula mchanga mpaka msingi ukaanza kuonekana.

"Tukikaa hivi hivi, ukuta utapasuka," alisema. "Nitamwaga zege uwanja mzima."

"Halafu jua likiwaka tuishi juu ya kikaango?" mkewe aliuliza.

Walijaribu kupanda maua ya bustani yenye majani mapana. Waliyamwagilia asubuhi na jioni, lakini yakakauka yote.

Basi mwashi akachukua jembe. Nyuma ya nyumba palikuwa na kichaka kimoja cha maua ya njano kilichojiotea chenyewe. Alitaka kukiondoa kwanza, ndipo amwage zege. Alipiga jembe mara ya kwanza, mara ya pili. Kichaka hakikutikisika.

"Shemeji, weka jembe chini!" sauti ilitoka ng'ambo ya ua. Alikuwa jirani yao, mwanamke anayefanya kazi kwenye kitalu cha miche. "Unamfukuza mlinzi wako!"

"Mlinzi gani? Si gugu hili?"

Jirani alikuja, akachuchumaa. "Pale pembeni msingi uko wazi. Na hapa penye kichaka?"

Mwashi aliinama. Chini ya kichaka mchanga ulikuwa umejaa, umetulia tuli.

"Mh! Kweli bwana."

"Huu ni mmea wa asili wa hapa hapa. Mizizi mingine inashuka chini kufuata maji, mingine inatambaa na kuushika mchanga. Majani yake madogo hayapotezi maji mengi. Yale maua yenu yalizoea udongo mzito. Hapa maji yanazama, maua yanabaki na kiu."

"Mizizi haitabomoa ukuta?"

"Hiki si mti mkubwa. Hata hivyo, miche mipya uipande mbali kidogo na ukuta."

Bibi, mama yake mwashi, alichungulia dirishani. "Mwambie, mwanangu! Mimi nikisema, eti nimezeeka."

Walichuma maganda makavu ya kichaka kile, na mvua zilipoanza wakaloweka mbegu zake usiku kucha. Kesho yake walizipanda kwa mistari inayokinga upepo. Hawakuweka mbolea, na majani yaliyodondoka hawakuyafagia.

"Maji kidogo tu mpaka miche ishike," jirani alionya.

Mwashi hakujizuia. Mstari wake mmoja aliumwagilia kama anaosha gari, miche ikaoza.

"Mapenzi mengine yanaua," mkewe alimtania. Mwashi akapanda upya, safari hii akamwagilia kwa kiasi.

Msimu uliofuata vichaka vilikuwa vimefika kiunoni, vina maua tele na nyuki. Mchanga ulijikusanya chini yake, taratibu ukaufunika msingi. Mshonaji alishona nguo nyeupe bila kuifunika.

Alasiri moja mwashi alirudi kutoka kazini, akamkuta mkewe amesimama nyuma ya nyumba, kidole mdomoni.

"Shh!"

Bibi alikuwa ametoa kiti chake nje, karibu na maua. Upepo ulikuwa ukivuma. Yeye alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.