Jicho la Mashavu

Kila jioni fundi seremala alipofunga karakana, hakurudi nyumbani mikono mitupu. Alibeba mfuko wa unga wa mbao kwa ajili ya kitanda cha Mashavu.

Mashavu alikuwa simbilisi, mnyama mdogo asiye na mkia, anayekula majani na kupiga mluzi akisikia mlango unafunguliwa. Alikuwa wa binti wa mwisho wa fundi. Nyumbani binti huyo walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika.

Fundi hakutaka Mashavu alalie maranda yanayochoma. Kwa hiyo aliyachekecha, akatupa yale makubwa, akabaki na unga laini kabisa.

"Hata mimi silali pazuri hivi," alimtania mkewe.

"Basi kalale naye," mke akajibu.

Asubuhi moja mlango ulifunguliwa, lakini Mashavu hakupiga mluzi. Jicho lake la kulia lilikuwa limefumba, na machozi yamelowesha manyoya ya shavu. Majani ya jana yalikuwa palepale. Alipolifumbua kidogo, ulionekana ukungu mweupe katikati ya jicho.

"Baba, atakuwa kipofu?" Chiriku aliuliza.

Roho ilimuuma fundi.

Mkewe alikuja na kichupa. "Dawa yangu ya macho ilibaki. Tumtie tone moja?"

"Tuibebe, tukamuulize daktari wa mifugo kwanza," fundi alisema. "Jicho si meza, mama. Nikiliharibu siwezi kulipiga randa upya."

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Alimfunga Mashavu kwa taulo, akaanza na meno.

"Mizizi ya meno yake iko karibu na macho," alieleza. "Jino likiota vibaya, jicho nalo hutoa machozi. Lakini meno haya ni mazima."

Kisha alimtia tone la dawa ya rangi, akammulika kwa tochi. Mstari mwembamba wa kijani ukaonekana kwenye jicho.

"Hapo pamekwaruzwa. Analalia nini?"

"Unga wa mbao," fundi alisema kwa fahari. "Nauchekecha mwenyewe."

Daktari aliweka tochi chini. "Pole sana, fundi. Vumbi hilo ndilo lililomuumiza. Linaingia machoni, anajikuna, jicho linakwaruzika. Hata kifua chake kinalivuta."

Fundi aliinamisha kichwa. "Nilidhani laini ndiyo nzuri."

"Ulimpenda, ila hukujua. Na mmefanya vizuri kumleta mapema. Jicho hili bado tunaweza kuliokoa."

Mke alitoa kichupa chake. Daktari alisoma maandishi, akatikisa kichwa.

"Hii inaondoa wekundu, lakini kwenye jicho lenye mkwaruzo huzuia kidonda kupona, hata jicho likaweza kutoboka. Dawa ya mtu msimtie mnyama bila kuuliza."

"Daktari," Chiriku alisema, "mbona siku nyingine macho yake hutoa maji meupe kama maziwa?"

"Umeangalia vizuri, mwanangu. Hayo ni ya kawaida, ananawia uso, kisha yanakwisha. Lakini ukiona jicho limefumba, limevimba, lina tongotongo au ukungu, mlete siku hiyohiyo."

Walirudi na dawa. Fundi aliumwaga unga wote, akatandika vitambaa laini ambavyo vilifuliwa mara kwa mara. Mke alichambua nyasi kavu, akatoa mabua magumu yanayoweza kuchoma jicho. Kwa ushauri wa daktari, walimpa pia pilipili hoho, kwa sababu mwili wa simbilisi hautengenezi vitamini C.

Saa ya kutia dawa ilipofika, fundi alisita. Akamkabidhi mkewe kichupa alichopewa na daktari.

"Hapana," Chiriku alisema. "Mtie wewe, Baba. Mimi nitamshika."

Fundi alishukuru kimoyomoyo. Alikuwa ameogopa kwamba mwanawe hatamwamini tena na mnyama huyo. Akatia tone, nalo likaingia.

Mashavu alianza kula, kwanza kwa kusitasita, halafu kwa fujo. Ukungu ukapungua. Waliporudi kwa daktari, alimtia tena ile dawa ya rangi, akamkabidhi Chiriku tochi.

"Mulika, uniambie unaona nini."

Chiriku aliinama karibu kabisa. "Sioni kijani. Naona jicho tu. Na ndani yake namwona Baba, mdogo kabisa."

"Basi limepona," daktari akasema.

Fundi aliushika mkono wa daktari kwa mikono yake yote miwili. "Ahsante, daktari. Ahsante kwa jicho, na ahsante kwa kuniambia ukweli."

Kisha akauachia. Akajifuta macho, na safari hii hakuwa na vumbi la kusingizia.