Kamba ya Kiatu kwenye Bango

Keeley ndiye aliyeuliza. Darasa lilikuwa limemaliza kutazama video ya muziki ya Zeeshan, taa zimewashwa na watu wanapiga makofi, naye huku anatafuna biskuti akasema, "Ni nzuri, sikatai. Lakini yule mtoto nyuma ya Rhys ni wa nini?"

"Mtoto gani?"

"Yule mwenye kiatu kinachopwaya. Anatembea kama bata."

Zeeshan alicheka. Hakukuwa na mtoto yeyote. Siku ile walikuwa wawili tu kwenye njia ya kando ya mfereji: Rhys, mwimbaji wake, na gita lake, na yeye nyuma ya kamera, baridi ikiwatafuna masikio. "Kanunue miwani, dada," alisema, na darasa zima likamcheka Keeley.

Mwalimu Hartley hakucheka. "Liandike hilo. Maoni ya watazamaji ni sehemu ya tathmini yako. Ijumaa nataka maelezo yako ya sauti: video, jalada la CD na bango. Kila kitu kinachoonekana, nieleze umekitoa wapi na kwa nini umekichagua."

Kukitoa wapi. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo.

Katika mji wetu mtu akifa barabarani au majini, maua yake hufungwa palepale alipofia, yakiwa bado na karatasi zake za dukani, na hakuna anayeyagusa. Hata yakioza, wafagizi wa manispaa huyapita kando. Kwenye vyuma vya daraja la mfereji kulikuwa na maua ya Lewis, mtoto wa miaka tisa aliyeteleza akazama majira ya baridi yaliyopita. Mama yake, Donna, huyabadilisha mwenyewe. Zeeshan amezaliwa hapa, anayajua yote hayo. Lakini wimbo ulikuwa wa kuagana, mwanga ulikuwa unakimbia, na Rhys hakuwa na kitu mkononi ila gita.

"Tunaazima tu," alisema, akayafungua.

Yalikuwa yamefungwa kwa kamba nyeupe ya kiatu cha mtoto. Maua yakaingia kwenye video na kwenye jalada. Kamba akamfunga Rhys kwenye kifundo cha mkono, na ndiyo iliyolifanya bango lipendeze hivyo. Walipomaliza, maua yalikuwa yamechakaa, wakayatupa kwenye pipa. Kamba ilibaki kwenye mkoba wa kamera.

Aseme hayo kwa Mwalimu? Baba yake, dereva wa teksi, alitaka asome ufamasia. Alikubali habari za filamu kwa sharti moja, alama ya A. Kazi yenye kitu cha wizi hufutwa, na baba hakuwa mtu wa kubembelezwa mara mbili.

Jumatano alijifungia katika chumba cha kuhariri. Saa kumi jioni, na Desemba ya kwetu giza lilikuwa limeshaingia. Akavuta maikrofoni. "Maua niliyanunua sokoni," alisema, "kwa sababu rangi yake inaonyesha huzuni." Sauti haikutetereka, akajisikia vibaya kwa hilo.

Alipoirudia kuisikiliza, baada ya neno "huzuni" palikuwa na kimya ambacho hakukumbuka kukirekodi. Kisha, kwa mbali: tap, pwata. Tap, pwata. Kiatu kimoja kizima na kimoja kinachopwaya, vikija polepole. Akavua vipokea sauti masikioni, lakini nyayo hazikukatika, kwa kuwa sasa hazikuwa ndani ya mashine bali kwenye korido, zikipita darasa moja na kusimama, zikipita la pili na kusimama, na harufu ya matope na majani yaliyooza ikapenya chini ya mlango na kumjaa kooni, na kwenye bango lililobandikwa ukutani mkono wa Rhys ukaanza kulowa, wino ukichuruzika mpaka chini, palepale penye kamba, huku kitasa kikizunguka taratibu kama kinachozungushwa na mkono usiokifikia vizuri.

"Kamba yangu iko wapi?" sauti ndogo iliuliza.

Hakujua alifikaje nyumbani. Dadi, bibi yake mzaa baba, alimpokea mlangoni akaziba pua. "Mbona unanuka mfereji?"

Alimweleza yote, kwa kunong'ona, baba asisikie. Dadi akampigia simu Hafiz Sahib, shehe wa msikitini. Alikuja na kandambili zake, akasoma dua, akampulizia kichwani, kisha akatulia kama anayesikiliza kitu nje.

"Ni yule mtoto?" Zeeshan aliuliza.

"Maiti hawatembei, mwanangu. Hilo ni jini la maji, limevaa sura yake. Limekaa pale linalea ule msiba, nawe umeuchokoza."

"Lifukuze basi."

"Lingekuwa limevamia, ningelifukuza. Umelifungulia mlango wewe mwenyewe. Rudisha kamba, na umwambie mama mtu ulichofanya. Mkono peke yake hautoshi. Mdomo nao urudishe. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alhamisi baada ya masomo alikwenda darajani na maua mapya, kamba mfukoni. Donna alikuwepo, amevaa koti la kazini, anafuta vyuma kwa kitambaa.

"Oh, umemletea maua," alisema. "Ulimjua Lewis wangu, kipenzi?"

Maneno alikuwa nayo mdomoni. Aliyafanyia mazoezi njia nzima. Akamwona baba yake, akaiona ile A.

"Tulisoma shule moja," alisema. "Na hii nimeiokota pale kwenye majani."

Donna alipoiona kamba alikaa chini kwenye mawe yenye maji. "Mtu aliyaiba maua yake, unaamini? Nikasema watu wamekuwa wanyama. Kumbe wapo watoto kama wewe." Akamvuta, akamkumbatia, akimlilia kwenye bega. Zeeshan alisimama ameganda, akitamani mfereji ummeze. Donna akayafunga maua mapya kwa ile kamba, mafundo mawili, kama anayemfunga mtoto kiatu aende shule.

Ijumaa video ilichezwa tena. Mwalimu Hartley alisikiliza maelezo mpaka mwisho, soko na huzuni na yote, akafunga kalamu. "Hii ni A, Zeeshan. Bila wasiwasi."

"Afadhali umemtoa yule mtoto," Keeley alisema. "Alikuwa ananitisha."

Zeeshan alimpigia baba simu. Baba alicheka, jambo ambalo hafanyi mara nyingi, akasema leo wananunua samaki na chipsi za nyumba nzima. Zeeshan akashika njia ya kwenda nyumbani, giza limeshaingia, na akakwepa mfereji, akapita barabara kuu yenye taa. Alijaribu kufurahi. Kila alipojaribu, alihisi machozi ya Donna begani, bado mabichi.

Akalishika bega. Lilikuwa limelowa kweli, na lilinuka matope.

Nyuma yake akasikia nyayo. Alisubiri ile pwata, haikuja. Tap, tap. Tap, tap. Viatu vyote viwili sasa vilikuwa vimefungwa vizuri, na aliyevivaa akaanza kukimbia.